Je, wajua kwa nini wati 8 zaweza kuzizima wati 200?

Kamalondo, hapa Lubumbashi, nilimkuta yaya mmoja (ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa hapa) amenuna mbele ya ampli yake mpya, mashine ya kukuzia sauti. Imeandikwa wati 200, kuibeba kunataka watu wawili, na bei yake hakutaka itajwe mbele ya mkewe. Alikuwa ameiunganisha na bafle (makasha ya spika) mbili ndogo za Kiingereza, nzuri sana, za kukaa juu ya rafu. Ng'ambo ya ukuta, jirani yake, mzee aliyestaafu, alikuwa anapiga rumba kwa ampli ya lampu, zile chupa za kioo zilizotumika kabla ya transista, yenye wati 8 na bafle mbili kubwa kama kabati, zilizotoka katika ukumbi wa sinema uliofungwa zamani. Iliyokuwa inasikika hadi barabarani ni ya mzee.

"Muuzaji ameniibia wati," yaya akasema.

Hakuibiwa. Wati zake 200 zilikuwamo zote. Shida ni kwamba wati ni chakula, si kazi. Yuko mtu atakayekula tonge moja la bukari (ugali) akalima shamba zima, na yuko atakayemaliza sufuria akalima tuta moja. Bafle nazo ni hivyo.

Katika karatasi inayokuja na bafle kuna namba ambayo wanunuzi wengi huiruka: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) zinazopimwa mita 1 mbele yake ikipewa wati 1. Hiyo ndiyo kazi ya tonge la kwanza. Kuanzia hapo hesabu inakuwa katili: kupandisha sauti kwa desibeli 3 tu, lazima wati ziwe maradufu. Kupandisha 10, wati ziwe mara kumi, na ni hapo tu sikio la kawaida husema sauti imekuwa kubwa mara mbili.

Bafle za yaya ni za desibeli 83. Wati 200 zinaziongezea 23, jumla 106, kama hazijaungua njiani. Za mzee, kwa kuwa ni za pembe, yaani zenye mdomo unaopanuka kama tarumbeta, tuseme ni 103. Wati 8 zinaziongezea 9, zinafika 112. Ili amfikie mzee, yaya angehitaji karibu wati 800.

Na hizo wati zinakwenda wapi? Kwenye joto. Bafle ya desibeli 92, ambayo kwa vipimo vya nyumbani si mvivu hata kidogo, hugeuza kuwa sauti asilimia 1 hivi ya umeme inaopewa. Asilimia 99 zilizobaki zinapasha moto koili ya ndani, ule waya uliozungushwa unaoisukuma spika. Kwa kweli tunanunua jiko linaloimba kidogo.

Usidhani ni suala la bei. Klipschorn, bafle la pembe ambalo Paul Klipsch alianza kuliuza huko Hope, Arkansas, mwaka 1946, watengenezaji wake hulihesabia desibeli 105. LS3/5A, iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya mafundi waliosikiliza ndani ya magari ya kurushia matangazo, iko kwenye 83 hivi. Zote mbili zinatafutwa na wapenzi wa muziki hadi leo, kwa pesa nyingi. Lakini kazi ambayo Klipschorn inaifanya kwa wati 1, LS3/5A ingetaka karibu wati 160, na haikujengwa kuvumilia hata nusu ya hizo. Haikutakiwa kupiga kelele. Ilitakiwa iseme ukweli kwa mtu aliyekaa karibu nayo.

Basi kwa nini mtu atengeneze bafle mvivu kwa makusudi? Mmarekani Josef Anton Hofmann aliacha kanuni ambayo mafundi huiita ya chuma. Kuna sanduku dogo, kuna besi inayoshuka chini, kuna sauti kubwa kwa wati chache: chukua viwili, cha tatu utakikosa. Wakati wa sinema za zamani ampli za lampu zilikuwa na wati chache na za gharama, kwa hiyo masanduku yalikuwa makubwa ili kila wati ilipe. Mwaka 1954 Edgar Villchur na wenzake wa Acoustic Research, Marekani, walileta sanduku dogo lililozibwa pande zote, lenye besi ya ajabu na njaa ya ajabu. Baadaye transista zikashusha bei ya wati, na mabafle ya kabati yakaanza kuondoka sebuleni.

Hiyo ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni omu, na hapa ndipo hata watu wenye pesa huumia.

Omu ni ukinzani, yaani jinsi bafle inavyobana mdomo. Omu zikiwa chache, mdomo ni mpana. Chukua ampli inayotoa volti 20. Bafle ya omu 8 itavuta ampea 2.5, sawa na wati 50. Ya omu 4 itavuta ampea 5, wati 100. Ya omu 2, ampea 10, wati 200. Kitasa cha sauti hukukigusa. Ni mgeni tu aliyebadilika, na mpishi lazima awe na unga wa kutosha ghalani. Ghala la ampli ni transfoma yake, na ndiyo maana ampli nzito mara nyingi huaminiwa kuliko nyepesi yenye wati zilezile kwenye karatasi. Kampuni ya Krell ya Marekani ilijipatia jina kwa ampli ambazo wati zake huongezeka maradufu kila omu zinapopungua nusu. Zilihitajika: Apogee Scintilla, bafle la bapa la miaka ya 1980, lilikuwa na toleo la omu 1 lililozichosha ampli nyingi, nyingine mpaka zikazima.

Tena omu zilizoandikwa si omu za kila noti. Bafle ya omu 8 yaweza kupanda hadi 30 kwenye noti moja ya besi na kushuka hadi 3 kwenye nyingine. Kanuni ya kimataifa inataka isishuke chini ya asilimia 80 ya namba iliyoandikwa, yaani 6.4 kwa bafle ya omu 8. Wapo watengenezaji wa bafle ghali kabisa wasioijali. Mimi nikipewa bafle nisiyoijua, naanza kuuliza omu zake za chini kabisa, kabla ya kuuliza bei.

Yaya na mzee walikubali tubadilishe ampli, Jumamosi moja umeme ulipokuwapo. Ampli ya wati 200 kwenye bafle za sinema: kabla muziki haujaanza tukasikia "shhhh" kama mafuta kikaangoni. Ni mlio wa ampli yenyewe, ambao bafle za yaya haziufichui, lakini bafle za desibeli 103 hazifichi siri. Kitasa ukikigusa tu, nyumba inajaa. Lampu za wati 8 kwenye bafle ndogo: sauti ya mwimbaji ilikuwa tamu, hadi mzee akanyamaza. Alipoweka karindula, lile banjo kubwa la pipa na ngozi ya mbuzi, besi ikalegea kama kamba iliyoloa. Ampli nyingi za lampu zina ukinzani wake wa ndani, kwa hiyo haziikamati vizuri koili, na bafle yenye omu za kupanda na kushuka huzifanya ziongeze noti hizi na kupunguza zile.

Yaya akataka kupandisha kitasa hadi mwisho. Nilimzuia. Ampli ikiishiwa nguvu hukata vichwa vya mawimbi ya sauti, yakawa bapa. Ya wati 50 ikikatwa hivyo kabisa yaweza kumwaga hadi wati 100, na sehemu kubwa kuliko kawaida huishia kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo koili yake ni nyembamba kama unywele. Twita nyingi huungulia kwenye sherehe, chini ya ampli ndogo iliyolazimishwa.

Kilichobaki kilikuwa waya. Yaya alikuwa ametandaza mita 10 za waya wa milimita 0.75 za mraba. Kwenda na kurudi, huo una karibu nusu omu. Kwenye bafle ya omu 4 ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mzigo, inayoliwa bure. Wa milimita 2.5 hushuka hadi omu 0.14. Tulikwenda kununua, na katika mji huu uliojengwa na shaba tulionyeshwa kwanza waya wa aluminiamu uliopakwa rangi ya shaba. Mzee akatoa kisu mfukoni, akaukwangua. Ndani ulikuwa mweupe.