Moto mkali hauivishi mbaazi haraka

Hapa Mtwara wengi wetu tunaamini mbaazi kavu zikichelewa kuiva, dawa ni kuongeza mkaa. Si kweli, na mkaa ni hela. Huku pwani maji huchemka kwenye nyuzijoto 100 hivi. Yakishafika hapo, ukizidisha moto hayapati joto zaidi, yanageuka mvuke tu. Ndiyo maana sufuria inakauka, unamimina maji baridi, na mchemko unakatika.

Loweka mbaazi tangu usiku. Asubuhi zitakuwa zimevimba, na hapo ndipo mkaa mwingi unapookolewa. Zikichemka, funika, kisha rudishia mlango wa jiko mpaka zitokote taratibu. Tui la nazi lisubiri ziive. Mkaa uliobaki uzime kwenye debe lenye mfuniko, nje ya nyumba, uchemshie chai kesho.