Vimiminika vya ioni vyenye metali: dhana potofu kuhusu umbo lake la ndani

Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi. Vimiminika vya ioni (atomi au molekuli zenye chaji ya umeme) navyo ni chumvi, ila huyeyuka chini ya nyuzi 100, na baadhi havigandi hata kwenye joto la kawaida la chumba. Vikiundwa kwa ioni za safaktanti, zenye mkia mrefu kama za sabuni, pamoja na metali kama chuma au gadoliniamu, hupatikana kitu ambacho mara nyingi huelezwa vibaya.

Dhana: ndani ya kimiminika ioni zimetapakaa ovyo.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na mengine mengi huzaliwa nalo. Safaktanti ina kichwa chenye chaji na mkia wa kaboni usiopatana na chaji. Vichwa na ioni za chaji kinyume huvutana na kushikana, mikia ikisukumwa kando hadi ikajikusanya yenyewe. Hivyo kimiminika hugawanyika katika maeneo ya chaji na maeneo ya mikia, hata pasipo tone la maji. Kutoka eneo moja la chaji hadi jingine ni nanometa 1 hadi 3 hivi (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na umbali huo huongezeka kadiri mkia unavyorefuka. Lakini hii si fuwele. Mpangilio hufifia baada ya nanometa chache, na ioni haziachi kutembea.

Dhana: metali huelea peke yake, popote.

Chuma mara nyingi huwa kimezungukwa na kloridi 4, kila moja kwenye ncha ya piramidi yenye nyuso 4 za pembetatu. Kundi zima lina chaji hasi 1, kwa hiyo hukaa karibu na vichwa, si katikati ya mikia. Ioni ya gadoliniamu ni kubwa zaidi na huweza kuwa na majirani 6 au zaidi.

Dhana: kikivutwa na sumaku, basi kina chembe za chuma.

Vimiminika vyenye chembe ngumu za sumaku vipo, vimejulikana tangu miaka ya 1960, na chembe moja ya nanometa 10 hubeba maelfu ya atomi za chuma. Kile ambacho Satoshi Hayashi na Hiro-o Hamaguchi walikitangaza Japani mwaka 2004 ni kitu tofauti: chumvi ambayo yenyewe ndiyo kimiminika. Kila ioni ya chuma ina elektroni 5 zisizo na wenza (gadoliniamu ina 7), na hizo ndizo zinazoitikia sumaku. Sumaku ikiondolewa, mwitikio nao huisha.

Dhana: hadubini kali itatuonyesha maeneo hayo.

Mawimbi ya mwanga unaoonekana yana urefu wa nanometa 400 hadi 700. Umbo la nanometa 2 haliwezi kuonekana kwayo. Watafiti hurusha eksirei au nyutroni na kupima jinsi zinavyotawanyika katika pembe ndogo, kisha umbali husomwa kutokana na pembe ambayo mtawanyiko hufikia kilele. Nyutroni zina uwezo ambao mimi nauona wa ajabu kweli: hidrojeni na deuteriamu, yaani hidrojeni nzito, huzitawanya kwa namna tofauti kabisa. Badilisha hidrojeni za mkia kwa deuteriamu, na mkia utajitokeza au kufichika kwenye vipimo huku kemia yake ikibaki karibu ileile. Gadoliniamu, kwa bahati mbaya, humeza nyutroni kupita elementi nyingine zote zisizo na mnururisho. Kwa sampuli kama hizo eksirei hufaa zaidi, tena atomi nzito huzitawanya kwa nguvu.

Dhana: maji huzimua tu.

Maji kidogo hukimbilia vichwa. Yakizidi, maeneo ya mikia hukatika na kuwa miseli, vifungu vidogo vyenye mikia ndani na vichwa nje. Mabadiliko hayaishii hapo: kloridi zilizozunguka chuma huanza kuondoka, molekuli za maji zikachukua nafasi zao. Kwa hiyo umbali uliopimwa kwenye kimiminika kikavu hauelezi kilichomo ndani ya maji. Ni lazima kupima upya. Mmumunyo wenyewe huwa na asidi, kwa sababu maji yaliyoshikwa na chuma huachia protoni kwa urahisi.