Okidi ya juu ya mti: epifiti ni nini, na hutunzwaje

Kwenye mifenesi na mibuni mikongwe ya Uganda ya kati, hasa karibu na Ziwa Viktoria ambako hewa haikauki sana, matawi hubeba mimea midogo yenye majani manene na mizizi ya rangi ya fedha. Mara nyingi mimea hiyo ni okidi. Wakulima wengi huikwangua kwa panga wakiamini inaunyonya mti. Haiunyonyi, na inauma kuona mmea uliochukua miaka kukua ukitupwa chini kwa kosa ambalo haukulifanya.

Epifiti ni mmea unaoota juu ya mmea mwingine na kuutumia kama mahali pa kushika tu. Maji hupata kwenye mvua, umande na ukungu. Madini hupata kwenye vumbi, majani yaliyooza katika nyufa za gome, na kinyesi cha ndege kinachosombwa na mvua kutoka matawi ya juu. Kimelea ni jambo jingine kabisa, kwani hicho hupenya gome, kikaungana na mti na kufyonza maji yake. Ukiwa na shaka, bandua mzizi mmoja taratibu. Mzizi wa okidi huachia na gome hubaki zima, lakini kimelea hakitoki bila kupasua tawi. Lawama pekee ya haki ni uzito: kichaka kikubwa kinaweza kuvunja tawi lililokwisha kukauka.

Faida ya kuishi juu ni mwanga. Ndani ya msitu mnene kama Mabira, mwanga unaofika chini ni kidogo sana, kwa hiyo anayeishi tawini anapata jua bila kulazimika kuota shina refu. Gharama yake ni kiu. Mvua ikikatika, gome hukauka mapema, na hakuna udongo wa kutunza akiba. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi ya kutunza okidi umeimaliza.

Tazama mzizi wake. Umevikwa tabaka la seli zilizokufa liitwalo velameni, ambalo hunywa maji kama sifongo mara tu mvua inapogusa. Ukiwa mkavu ni mweupe wa fedha. Ukilowa, velameni huwa angavu na ukijani wa ndani huonekana, kwa sababu mizizi hii nayo hutengeneza chakula kwa mwanga. Microcoelia, jamii inayopatikana Uganda, imelifikisha jambo hili mwisho: haina majani ya kweli, ni mizizi tupu inayofanya kazi ya majani. Ndiyo sababu kuifukia okidi kwenye udongo wa bustani ni kuiua. Velameni isiyopata hewa huoza, na mmea hufa kwa kiu huku umezungukwa na maji.

Si okidi zote zinazovumilia ukame kwa kiwango kimoja. Ansellia africana, yenye maua ya manjano yenye madoa ya kahawia kama ya chui, ina mashina marefu yaliyovimba yanayohifadhi maji. Polystachya nyingi zina akiba ya namna hiyo, ila ndogo. Aerangis haina ghala kama hilo. Ni shina fupi, majani machache na mizizi, basi. Kwa hiyo Ansellia ipe jua la asubuhi la kutosha, na katika miezi ya kiangazi ipunguzie maji sana, kwani pumziko hilo huisaidia kuchanua. Aerangis iweke kwenye kivuli chepesi, wala usiache mizizi yake ikae mikavu siku nyingi mfululizo. Majani yakigeuka manjano upande unaopigwa na jua, mwanga umezidi. Yakiwa kijani kizito na maua hayaji, mwanga ni haba.

Kama una mti uani, huo ndio chungu bora kuliko vyote. Mwembe, mfenesi au mparachichi unafaa. Mkaratusi na mpera haifai, kwa kuwa hujichubua gome na mgeni wako ataanguka nalo. Funga mmea kwa utepe wa soksi ndefu ya nailoni au kamba ya mgomba, bila kufunika mizizi yote, na uuelekeze pembeni ili maji yasituame katikati ya majani, kwani hapo ndipo kuoza huanzia. Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua za Machi au za Septemba, mizizi mipya inapochomoza ncha za kijani. Ikishajishikiza yenyewe, kata utepe.

Anayeishi kwenye nyumba ya kupanga Kampala anaweza kutumia kipande cha gome gumu kilichoning'inizwa barazani, au chungu chenye matundu kilichojazwa vipande vya makaa na magome makubwa. Jerikeni la maji ya mvua linatosha kwa siku nyingi, na mimi naona ni bora kuliko maji ya bomba yenye klorini. Mwagilia asubuhi, ngoja mizizi irudi rangi ya fedha, kisha mwagilia tena. Hiyo ndiyo ratiba, kalenda iache. Mbolea ya maji itie kidogo sana, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, tena wakati mmea unakua tu. Konokono wawinde usiku, maana hupenda ncha za mizizi na machipukizi ya maua.

Maua meupe ya Aerangis hutoa harufu jioni na usiku, yakiita nondo wenye mrija mrefu wa kunywea. Aerangis kotschyana ina kichirizi cha asali, yaani mrija mwembamba unaoning'inia nyuma ya ua, kinachoweza kupita sentimita 15, na nekta, maji matamu ya ua, iko chini kabisa, kwa hiyo nondo wa mrija mfupi hana lake.

Tunda moja likikomaa hutoa mbegu nyingi mno, laini kama vumbi, lakini hazina akiba ya chakula. Porini mbegu huota pale tu inapokutana na kuvu anayeilisha. Kwa sababu hiyo okidi iliyong'olewa msituni hairudishwi kwa kupanda mbegu tu. Biashara ya kimataifa ya okidi zote husimamiwa na mkataba wa CITES, na kuchukua mimea kwenye hifadhi kama Mabira au Bwindi bila kibali ni kosa. Nunua kwa mwenye kitalu anayeweza kukuonyesha mmea mama alioupasua. Na kama mti umeanguka shambani kwako mwenyewe, usiibandue okidi: kata kipande cha tawi pamoja nayo, ukitundike kivulini, uendelee kuinyunyizia maji.