Kisome cheti cha baraza kabla ya kuondoka

Dada anapotoka kwenye ndoa ya kipigo hapa Tanzania na kutaka talaka, swali langu la kwanza huwa ni la cheti cha baraza la usuluhishi la ndoa. Hapo ndipo wengi wanapokwama.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri lipite barazani kwanza, liwe la kata, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) au la kanisa. Ukikabidhiwa cheti, kisome hapo hapo. Lazima kiseme waziwazi kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha. Barua ya kukupeleka mahakamani "kwa hatua zaidi" haitoshi, na kesi iliyojengwa juu yake inaweza kufutwa hata kwenye rufaa, ushahidi wote ukiwa umeshasikilizwa. Angalia na tarehe: cheti kisizidi miezi 6 siku unapofungua ombi. Aliyehamia mkoa mwingine, akili yote ikiwa kwenye kodi ya chumba na shule ya watoto, hupitwa na muda huo, akalazimika kurudi barazani mbele ya mtu aliyemkimbia. Inaniuma, maana ingezuilika.

Kama kuketi naye ni hatari, mahakama inaweza kukusamehe baraza kwa sababu za kipekee. Ziandike ndani ya ombi, uambatanishe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, iliyojazwa na daktari, na namba ya RB, yaani ya taarifa yako polisi, kutoka Dawati la Jinsia na Watoto. Msamaha huu hautolewi kirahisi. Kusema unamwogopa, bila karatasi, mara nyingi hakutoshi.

Kuhusu mali, usikate tamaa kwa kuwa hati ina jina lake. Tangu rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Lakini hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja, hakimu hupima. Tafuta risiti za saruji na mabati, miamala ya simu, daftari la kikoba, na fundi aliyekuona ukimlipa. Nyumba ya ndoa nayo haiuzwi bila ridhaa yako. Ukisikia dalali analeta wateja na nyumba ina hati, wahi kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Kinga hiyo ni ya wakati ndoa ingali hai, kwa hiyo mgawanyo wa mali, malezi na matunzo ya watoto uyaombe yote ndani ya ombi lile lile la talaka.