Mbao za Kuundia Udi na Gitaa: Yanayosemwa Karakanani na Yaliyo Kweli

Anayeingia karakana ya seremala hapa Mwanza na kuomba mbao ya kuundia udi, yaani ile ala ya nyuzi, au gitaa, mara nyingi huonyeshwa mbao nzito kuliko zote zilizopo, kwa maelezo kwamba mti mgumu ndio wenye sauti, na mfano unaotolewa haukosi kuwa mpingo. Dhana hii imedumu kwa sababu ina chembe ya ukweli: mpingo ni mti wa muziki kwelikweli, na viwanda vya Ulaya vimeutumia kwa miaka mingi kutengenezea klarineti, ala ya kupuliza. Lakini ndani ya klarineti kinachotetema ni hewa iliyomo kwenye bomba, na kazi ya mbao ni kutulia tu bila kupinda wala kunywa mate ya mpigaji. Udi hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Uzi wake ni mwembamba mno kuweza kusukuma hewa ya kutosha, kwa hiyo huutikisa ubao wa uso kupitia daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi juu ya uso, na ubao huo ndio unaoifikisha sauti kwa msikilizaji. Ukiwa mzito, nguvu ndogo inayotoka kwenye uzi huishia humo humo.

Mita moja ya ujazo ya mpingo ina uzito wa kilo 1,200 hivi, ndiyo maana gogo lake huzama majini, ilhali sprusi, mti wa nchi za baridi unaotumiwa sana kwa uso wa udi na gitaa, una kilo kati ya 400 na 450. Pamoja na wepesi huo, sprusi haupindi kirahisi kufuata urefu wa nyuzinyuzi zake, na fundi anaweza kuuranda hadi unene wa milimita mbili au pungufu bila uso kukunjamana. Sifa inayotafutwa, basi, ni ukakamavu mwingi katika uzito mdogo. Mpingo nao una nafasi yake kwenye udi, nayo ni vigingi vya kukazia nyuzi na ubao wa vidole, sehemu zinazosuguliwa kila siku.

Kosa linalofanana na hilo ni kuchukua mbao ya mtumbwi kwa hoja kwamba iliyostahimili ziwa haishindwi na muziki. Mvule hausumbuliwi upesi na kuoza wala mchwa, na kwa chombo cha majini hiyo ni sifa kubwa, ila sikio haliisikii.

Wengine hukubali kwamba uso ni muhimu, kisha wakamaliza fedha zao zote kwenye mbao za mgongo. Mwaka 1862 fundi Mhispania Antonio de Torres aliunda gitaa lenye uso wa mbao, huku mgongo na mbavu zake zikiwa za karatasi zilizogandishwa kwa gundi, ili kuonyesha mahali sauti inapotoka. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio la magitaa sita yaliyotofautiana mbao za mgongo na mbavu tu, na wapigaji 52 waliyapa alama zinazokaribiana sana. Kwa maoni yangu, mninga unatosha kabisa kwa mgongo, si kwa sababu ya sauti ya ajabu, bali kwa sababu ukikauka hauchezichezi. Wakurya wa Mara wangeshangaa kwamba jambo hili linabishaniwa, maana uso wa litungu, ala yao ya nyuzi, ni ngozi iliyowambwa juu ya bakuli la mti.

Dhana iliyonigharimu mwenyewe ni ile ya kukausha mbao juani. Nilianika vipande viwili vya mgongo juu ya bati, na siku ya tatu jioni kimoja kilikuwa kimepasuka kutoka ncha hadi katikati. Ncha za ubao hupoteza maji haraka kuliko tumbo lake, na mbao hunywea kufuata mzingo wa duara za ukuaji karibu mara mbili ya inavyonywea kuelekea kwenye moyo wa mti. Ndiyo maana ubao uliochanwa ili duara zake zisimame wima dhidi ya uso hutulia kuliko mwingine. Siku hizi hupaka rangi kwenye ncha, hupanga mbao kivulini zikiwa na vijiti katikati, na kuzipima kwa mizani ya jikoni kila wiki. Uzito usipobadilika wiki kadhaa, mbao zimezoea hewa ya humu ndani. Umri wa mbao, unaosifiwa sana, hauna maana kama miaka hiyo ilipita chini ya paa linalovuja.

Mwisho ni imani kwamba bila mbao ya kutoka nje hakuna ala. Msonobari wa mashamba ya Sao Hill hukua haraka na duara zake huachana, lakini katika rundo kubwa hupatikana vipande vyenye duara zilizobanana na visivyo na vifundo. Kishike kipande kwa vidole viwili, karibu na robo ya urefu wake, kisha ukigonge katikati kwa kifundo cha kidole: kinachofaa huitika kwa mlio unaobaki hewani, kisichofaa hutoa kishindo na kunyamaza. Halafu kipasue kidogo pembeni kwa patasi badala ya kukikata kwa msumeno. Ufa ukienda mshazari, hata kama uso uliorandwa ulionekana umenyooka, kipande hicho kinafaa fremu ya picha.