Kistoni hainyooshi projekta

Ukipita Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki jijini Nairobi, ukitafuta projekta ya sebuleni, utaisikia sentensi hii duka baada ya duka: "Hii iko na auto-kistoni, unafunga popote." Mafundi wa breketi, kile chuma cha kushikilia projekta silingini, nao wameishika, na siku hizi hata mwenye nyumba anaikariri akimwelekeza fundi mahali pa kutoboa. Projekta haifungwi popote, na kistoni haijawahi kubadilisha hilo.

Kistoni ni ile kasoro ya picha kuwa pana upande mmoja kuliko mwingine kwa sababu projekta imeinamishwa, au imekaa pembeni, badala ya kuielekea skrini uso kwa uso. Jina ni la waashi: jiwe la kilele cha tao, pana juu, jembamba chini. Kasoro yenyewe ni hesabu tu ya umbali. Projekta ikiwa silingini imetazama chini, mwanga unaoelekea chini ya skrini husafiri mbali zaidi kuliko ule wa juu, na kadiri unavyosafiri ndivyo unavyotanuka. Simama chini ya mnara wa KICC uinue simu kuupiga picha, utaona kuta zake zikikaribiana kuelekea juu. Ni jambo lile lile.

Sasa, kinachouzwa dukani kama "kistoni" ni marekebisho ya kasoro hiyo, na hapa ndipo watu wanapopotoshwa. Ukibonyeza rimoti mpaka picha ikae sawa, hakuna kitu kilichosogea ndani ya projekta. Lenzi iko pale pale. Programu imechukua picha yako ikaibana ndani ya chipu, kile kidude kinachounda picha nyuma ya lenzi, upande uliokuwa mpana ukafanywa mwembamba kabla ya kutoka, ili ukitanuka njiani ufike sawa na mwenzake.

Hesabu ni rahisi. Chukua projekta ya pikseli, yaani vidoti vya picha, 1920 kwa 1080. Tuseme imeinamishwa kiasi kwamba juu ya picha ni sentimita 200 na chini ni 240. Ili chini pawe 200 pia, mstari wa mwisho unaruhusiwa kutumia sehemu tano tu kati ya sita za pikseli zake. Zinabaki 1600. Pikseli 320 ulizozilipia zimezimwa, na zimezimwa chini, mahali hasa yanapokaa maandishi ya tafsiri ya filamu. Ndiyo maana herufi zinaonekana na ukungu na kingo zenye meno, na mtu anaanza kulaumu intaneti. Hata ukirekebisha hatua moja tu kwenye menyu, picha nzima inakokotolewa upya, kwa hiyo pikseli moja ya filamu haiangukii tena kwenye pikseli moja ya chipu.

Tena pikseli zilizozimwa hazizimiki kabisa. Projekta haina weusi wa kweli, kwa hiyo sehemu ile huvuja mwanga wa kijivu unaoangukia ukuta nje ya skrini. Ukizima taa usiku utauona, kabari mbili hafifu kando ya picha. Na ukiinamisha sana, fokasi nayo inakataa: juu pakali, chini pamefifia. Hilo hakuna kitufe cha kistoni kinachoweza kulitibu, kwa sababu ni la lenzi.

Kitu kinachonyoosha kweli kinaitwa lenzi shifti. Hapo lenzi yenyewe inasogezwa juu au chini mbele ya chipu, huku projekta ikibaki sambamba na skrini. Picha inapanda au kushuka ikiwa mstatili ule ule, pikseli zote ziko kazini. Inapatikana zaidi kwenye projekta za bei ya juu. Ukiambiwa kwamba lenzi shifti na kistoni ni kitu kimoja, kataa.

Projekta nyingi za bei nafuu hazina lenzi shifti, ila zina ofseti: ukiiweka mezani, picha inapanda juu ya lenzi bila kuinamishwa. Ndiyo sababu silingini hufungwa kichwa chini, kisha menyu ikaambiwa igeuze picha. Ukiifunga wima kama ilivyokaa mezani, picha itapanda kwenye silingi, nawe utalazimika kuinamisha. Kipimo cha ofseti kimo kwenye kijitabu cha maelekezo, na kinatofautiana. Nyingine hazina ofseti kabisa. Hizo lenzi inapaswa kuwa kimo cha katikati ya picha, kwa hiyo rafu nyuma ya kochi huzifaa kuliko silingi.

Kwa hiyo skrini hutangulia, breketi hufuata. Skrini ya inchi 100 ya 16:9 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha 125 hivi. Ikianza sentimita 80 kutoka sakafuni ili aliyekaa kochini asiinue shingo, ukingo wake wa juu uko 205. Projekta yenye ofseti inataka lenzi karibu na hapo, au juu kidogo. Silingi ikiwa 270, breketi fupi inayobana projekta juu kabisa inaiacha lenzi kama sentimita 40 juu ya inapotakiwa, na fundi atainamisha kisha anyooshe kwa rimoti. Breketi yenye bomba la kurefusha ingemaliza jambo. Kama silingi ni ya jipsamu, skrubu ziingie kwenye mbao iliyo juu yake au zifike kwenye zege, maana bodi peke yake haibebi uzito huo.

Marekebisho ya kistoni yana mahali pake: projekta ya kubeba, mkutano wa chama, mechi inayoanza baada ya dakika tano. Kwa ile inayofungwa ikae miaka, fundi akikuuliza kama yako iko na auto-kistoni, mwambie iko, umeiacha kwenye sifuri, na umwombe ashushe bomba.