Kihisi mwanga: tunayoyasema na yalivyo kweli

"Taa ya nje inawaka na kuzimika usiku kucha, basi kihisi kimekufa." Mara nyingi kihisi, yaani kile kifaa kidogo kinachopima mwanga na kuwasha taa giza likiingia, ni kizima kabisa. Simama chini ya taa uangalie kilipofungwa. Kama mwanga wa taa hiyohiyo unakifikia, hata kwa kurudishwa na ukuta mweupe, kinadhani kumekucha na kuizima. Giza likirudi, kinawasha tena. Kabla hujakitupa, kigeuze kitazame upande ambao mwanga wa taa haukifikii, kisha ufute vumbi kwenye kifuniko, maana vumbi hufanya taa iwake jua halijazama. Inaniuma kuona kifaa kizima kikiishia jalalani kwa sababu ya kufungwa vibaya.

"Kinaona kama jicho." Hapana. Mwanga ukipiga kipande cha silikoni (malighafi ya chipu za kompyuta) kilichomo ndani, elektroni huachiliwa na mkondo mdogo wa umeme hupita. Kifaa kinapima huo tu. Tena silikoni hupokea miale ambayo jicho letu haliipati. Elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya mbele ya simu, ubonyeze kitufe: kwenye simu nyingi utaona kidoa cheupe chenye uzambarau kikimetameta, ilhali ukiitazama rimoti yenyewe huoni kitu.

"Ni teknolojia ya juzi." Willoughby Smith wa Uingereza aliandika tangu 1873 kwamba elementi iitwayo seleniamu hupitisha umeme vizuri zaidi ikimulikwa.

"Kazi yake ni taa tu." Hapa ndipo ningependa tutulie kidogo. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu ni kihisi mwanga. Upande mmoja kina taa mbili ndogo, nyekundu na ya infraredi, ile miale tusiyoiona kwa macho. Upande wa pili kihisi kinapima kiasi kilichopenya kidole. Damu yenye oksijeni nyingi hufyonza mwanga mwekundu kidogo kuliko ile iliyopungukiwa, na hesabu hutokana na tofauti hiyo.

"Basi namba yake haikosei." Hukosea. Rangi ya kucha na vidole vya baridi huivuruga, na kwenye ngozi nyeusi kifaa kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Mgonjwa akihema kwa shida na kibanio kinaonyesha namba nzuri, mpelekeni hospitali hivyohivyo.